NGELI SI MZIGO: MAFUNZO KUTOKA KWA TUMBILI MWENYE KOFIA

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Ninayo maoni ambayo nimekaa nayo moyoni kwa muda, na kwa kuwa Chama chetu cha Kiswahili kimenifungulia ukurasa, naomba niyatoe. Maoni yangu yanahusu ngeli. Najua kuna wasomaji ambao wakiliona neno hilo tu watafunua upesi kurasa za vichekesho na mafumbo. Jamani, subirini kidogo! Leo sina orodha ya A-WA na KI-VI ya kukariri. Ninaye tumbili wetu wa Mto Tana, na huyo ndiye atakayenitetea.

Kwanza nieleze kilichonichokoza. Hapa shuleni, na hata huko nje stendi na sokoni Garsen, tumezoea kusikia "kitabu yangu", "ng'ombe mingi" na "nyani kubwa". Ukimkosoa mtu atakujibu, "Si umeelewa? Basi!" Wengine huongeza sababu ya kisomi. Husema kwamba Kiingereza hakina ngeli na ndicho lugha ya sayansi, na kwamba wenye Kiingereza chao walifika mwezini mwaka 1969 bila kujua KI-VI ni kitu gani. Kwa hivyo, ati, ngeli ni za kupitia mtihani tu, kisha mtu azitue chini kama mzigo wa kuni.

Mimi napinga. Na kwa kuwa wenzangu wamenivuta hadi uwanja wa sayansi, nitawajibu papo hapo uwanjani.

Fungua kitabu chochote cha Baiolojia. Utaona kwamba kila aina ya mnyama na kila aina ya mmea ina jina la kitaalamu la maneno mawili. Neno la kwanza ni nomino, ambalo ni jina la jenasi. Neno la pili mara nyingi ni kivumishi. Mpango huu uliimarishwa na Msweden mmoja, Carl Linnaeus, katika kitabu chake cha mimea cha mwaka 1753 na kile cha wanyama cha mwaka 1758. Lugha ya majina hayo si Kiingereza hata kidogo. Ni Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, ambayo hakuna mtoto anayenyonya nayo maziwa ya mama siku hizi. Hata hivyo, mtaalamu wa Japani na mtaalamu wa Brazili wakitaka kuelewana juu ya mnyama mmoja, hulitumia jina lake la Kilatini.

Sasa tuje nyumbani. Katika misitu iliyo kandokando ya Mto Tana, kutoka pande hizi za Garsen kwenda juu kuelekea Hola, wanaishi wanyama wawili ambao hawapatikani porini mahali pengine popote duniani. Wa kwanza ni Cercocebus galeritus. Wengi wetu humwita tu tumbili au nyani, kana kwamba wanyama wote wa jamii hiyo ni ndugu wa tumbo moja. Wa pili ni mbega mwekundu wa Mto Tana, Piliocolobus rufomitratus. Wote wawili waliingizwa katika vitabu vya sayansi mwaka 1879 na Wilhelm Peters, mkuu wa makumbusho ya wanyama mjini Berlin, Ujerumani. Bila shaka mama zetu waliokuwa wakiwafukuza mashambani waliwajua zamani sana kabla ya Berlin kuwajua, lakini hilo nitalirudia baadaye.

Hebu tulichambue neno galeritus kama tunavyochambua neno la Kiswahili darasani. Ndani yake mna nomino galerus. Galerus ilikuwa kofia ya ngozi ambayo Warumi walivaa, hasa makuhani wao. Ukiondoa mwisho wa nomino hiyo na kutia -itus, unapata kivumishi galeritus, yaani "mwenye kofia". Warumi wenyewe walikuwa na ndege mdogo waliyemwita galerita, kwa sababu ana kishungi cha manyoya kichwani. Na ukimtazama vizuri tumbili wetu, utaona nywele ndefu za utosini zimelala huku na huku kama kofia iliyovaliwa kwa haraka. Jina limemfaa.

Jirani yake naye? Rufomitratus ni maneno mawili yaliyounganishwa. Rufus ni "-ekundu". Mitra ni kilemba, neno ambalo Warumi walilichukua kwa Wagiriki. Tia -atus mwishoni, na mbega wetu amekuwa "mwenye kilemba chekundu". Basi katika msitu mmoja tunaye Bwana Kofia na Bwana Kilemba, kama wazee wawili waliokwenda kuposa!

Nawaomba mtazame hapo kwa makini. Viambishi hivyo vya Kilatini, -itus na -atus, vinafanya kazi ileile ya neno letu -enye, lile tunalofundishwa katika vivumishi vya pekee na ambalo wengi hulichukia. Sisi husema tumbili mwenye kofia, kitabu chenye picha, nyumba yenye bati, jembe lenye mpini. Neno -enye halina hiari. Hulazimika kuitazama nomino yake kwanza, kisha kujivika kiambishi kinachoifaa. Galeritus nayo haina hiari. Ikiandamana na nomino ya kiume huwa galeritus. Ikiandamana na nomino ya kike huwa galerita. Ikiandamana na nomino ya kundi la tatu huwa galeritum. Kundi hilo la tatu Warumi waliliita kwa neno lenye maana ya "si hili wala si lile". Tofauti ni kwamba sisi tunapatanisha mwanzoni mwa neno na wao walipatanisha mwishoni. Jambo lenyewe ni lilelile.

Mfano wa galeritus ni wa msituni, na pengine kuna mtu ambaye hajawahi kumwona mnyama huyo. Nitatoa mfano wa kivumishi kingine ambao hata mtoto wa darasa la kwanza anauona kila siku. Kivumishi chenyewe ni indicus, maana yake "-a Bara Hindi". Ng'ombe wenye nundu, kama hawa wa Waorma wanaoteremka kunywa maji mtoni, kitaalamu ni Bos indicus. Mwembe wa shambani kwa Mpokomo ni Mangifera indica. Ufuta unaonyunyizwa juu ya mkate ni Sesamum indicum. Indicus, indica, indicum: kivumishi ni kimoja, mzizi ni mmoja, miisho ni mitatu, kwa sababu nomino zenyewe ni za makundi matatu. Nawauliza, hii si ngeli? Kama si ngeli, ni nini?

Kuna wanafunzi watakaosema, "Aa, hiyo ni rahisi, unatazama tu mwisho wa nomino." La hasha! Tazama mkwaju. Jina lake ni Tamarindus indica. Nomino ina mwisho wa -us, ambao kwa kawaida ni wa kiume, lakini kivumishi ni cha kike. Sababu ni kwamba katika Kilatini majina ya miti kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya kike, hata yakiishia kwa -us. (Na jina hilo lina kichekesho chake. Tamarindus imetoka kwa Kiarabu, "tende ya Kihindi", kisha wakaongeza indica. Mti umeitwa wa Kihindi mara mbili, ilhali asili yake ni Afrika!) Vivyo hivyo kuna mti wa kando ya mto wetu ambao huchongwa mitumbwi, Populus ilicifolia, yaani wenye majani kama ya mwaloni. Populus yaonekana ya kiume lakini ni ya kike, kwa hivyo kivumishi ni ilicifolia, wala si ilicifolius.

Kinyume chake pia kipo. Mwaka 1967 Mmarekani Melvin Traylor alimpa ndege mmoja mdogo wa bonde la Tana jina Cisticola restrictus, ingawa wataalamu wanabishana kama huyo ni aina ya peke yake. Cisticola inaishia kwa -a, na kwa macho ungesema ni ya kike. Lakini maneno ya namna hiyo hutaja mkaaji au mtendaji, kama agricola, "mkulima", nayo ni ya kiume. Kwa hivyo ni restrictus.

Wanafunzi wenzangu, hamjaona jambo kama hilo kwetu? Kiboko anaanza na ki-, lakini husemi "kiboko kikubwa kimetoka mtoni". Unasema kiboko mkubwa ametoka, na ukimwona unakimbia. Kijana, kipofu, nyani, mamba, wote hawa sura ya neno ni nyingine na upatanisho ni wa A-WA, kwa sababu lugha inajua kuwa wana uhai. Mrumi akiamka leo tukamweleza habari ya kiboko, hatashangaa hata kidogo. Atasema, "Hata sisi tulikuwa na populus."

Sasa nije kwa wale wa "Si umeelewa? Basi!" Je, ni kweli kwamba tunaelewana bila upatanisho? Mtu akija mbio akisema, "Mbuzi wangu amepotea," vijana watachukua fimbo na kuingia vichakani kabla fisi hajatangulia. Akisema, "Mbuzi yangu imepotea," mwambie atazame chini ya kitanda au jikoni kwa jirani, maana anatafuta kifaa cha kukunia nazi. Nomino ni ileile, herufi ni zilezile. Kinachotenganisha mnyama na kifaa ni upatanisho peke yake. Ndege wetu yuko mtini, lakini ndege yetu iko uwanjani. Warumi nao walikuwa na populus mbili: moja ni "watu", ni ya kiume. Nyingine ni ule mti, ni ya kike, na irabu yake ya kwanza hutamkwa kwa kuvutwa. Anayesema ngeli ni pambo tu na amtume mtoto sokoni kwa "mbuzi", aone ataletewa nini.

Isitoshe, wanasayansi wenyewe hawafanyi mzaha na jambo hili. Wana Kanuni za Kimataifa za majina ya wanyama. Toleo la nne la kanuni hizo lilichapishwa mwaka 1999 na likaanza kutumika mwaka 2000. Kanuni hizo zasema wazi kwamba ikiwa neno la pili ni kivumishi cha Kilatini, lazima lipatane na nomino. Mnyama akihamishwa kutoka jenasi moja hadi nyingine ya kundi tofauti, mwisho wa kivumishi lazima ubadilishwe. Mbega wetu alianza kwa Peters akiwa Colobus rufomitratus, na leo ni Piliocolobus. Kwa kuwa majina yote mawili ni ya kiume, kilemba chake hakikuguswa. Lau angehamishiwa jina la kike angekuwa rufomitrata siku hiyohiyo. Ni ajabu kwamba wataalamu wa dunia nzima wanalinda upatanisho wa lugha ambayo wasemaji wake walikufa, na sisi ambao upatanisho wetu ungali hai mdomoni tunauona aibu!

Na ile hoja ya Kiingereza? Kiingereza ni lugha nzuri, na sina ugomvi nayo. Lakini kutokuwa na ngeli si alama ya maendeleo, ni desturi ya lugha hiyo tu. Tutazame darasa letu hapa. Mwanafunzi Mpokomo amezaliwa na ngeli, kwa kuwa Kipokomo ni lugha ya Kibantu kama Kiswahili. Mwanafunzi Muorma lugha yake si ya Kibantu, lakini ina jinsia mbili, ya kiume na ya kike, na vivumishi vyake huzifuata. Yeye basi yuko karibu na Kilatini kuliko sisi wote! Kila mmoja ameleta darasani kitu kutoka nyumbani kwao. Tukifika mlangoni tunakitupa na kusema tumekuwa wa kisasa. Huo ni usasa gani?

Ndugu msomaji, kuna neno moja ambalo nimelitumia mara nyingi na sasa nataka tulitazame. Neno hilo ni upatanisho. Darasani tunasema upatanisho wa kisarufi. Nje ya darasa tunalisikia neno hilohilo katika mikutano ya wazee na ya machifu. Kuanzia Agosti 2012 hadi mwanzo wa mwaka 2013, Wapokomo na Waorma wa sehemu hizi za delta walipigana juu ya malisho, maji na mashamba. Zaidi ya watu 100 waliuawa, wakiwemo wanawake na watoto. Wengi wetu tulikuwa watoto wa kubebwa mgongoni wakati huo, lakini hakuna kati yetu ambaye hajahadithiwa. Sitaki kuyafukua ya jana. Nataka kusema tu kwamba kuna watu wanaodhani kupatana ni kushindwa, kwamba ukipatana na mwenzako umejipoteza.

Sarufi inawakanusha. Kivumishi kinapopatana na nomino, mzizi wake haufi. Katika mtu mzuri, kiti kizuri na jicho zuri, -zuri iko palepale. Katika indicus, indica na indicum, indic- iko palepale. Kilichobadilika ni kile kidogo cha pembeni, ili maneno mawili yajulikane kuwa yako pamoja. Ng'ombe wa mfugaji na mwembe wa mkulima wana majina tofauti, miisho tofauti, na kivumishi kimoja. Maneno yasiyopatana hukaa katika mstari mmoja bila kujuana, kama abiria ndani ya matatu. Nadhani kwa mtoto wa Tana River hilo si somo la mtihani peke yake.

Namalizia kwa deni nililoahidi kulilipa. Niliuliza kimoyomoyo, mbona majina haya yote yalitoka mbali? Ule mti wa mitumbwi uliwahi kuitwa Populus denhardtiorum, maana yake "wa akina Denhardt". Hao ni Clemens na Gustav, Wajerumani wawili ndugu waliofanya mkataba wa ardhi na Sultani Ahmed wa Witu mwaka 1885. Waliopita wakaandikwa kwenye mti, na waliouchonga mti huo vizazi na vizazi hawakuulizwa wanauitaje. Baadaye, mwaka 1976, serikali ilitenga hifadhi kwa ajili ya Bwana Kofia na Bwana Kilemba. Wakazi wakaenda mahakamani, na mwaka 2007 Mahakama Kuu ikaamua kwamba hifadhi hiyo haikuanzishwa kwa kufuata sheria. Hapo tena naona palikosekana upatanisho. Na wakati watu wanavutana, wanyama wenyewe wako katika hatari kubwa ya kutoweka, kwa maana msitu unapungua. Kumpa mnyama jina la kofia na kilemba katika vitabu vya dunia, kisha kumkatia mkuyu na mkindu anaotegemea kwa chakula, ni kumvika kilemba cha ukoka.

Kwa hivyo ninapendekeza mambo matatu kwa Chama chetu.

Kwanza, tutengeneze orodha ya wanyama na miti ya Mto Tana. Safu moja iwe ya jina la Kilatini na nyingine maana yake kwa Kiswahili. Kisha ziandikwe safu za majina ya Kipokomo, ya Kiorma na ya lugha nyingine za majirani zetu, kama tutakavyoelezwa na wazee. Kila mwanafunzi aulize nyumbani kwao. Orodha hiyo ibandikwe ukutani na ichapishwe katika jarida la mwaka ujao.

Pili, walimu wetu wa Baiolojia na wa Kiswahili, kwa heshima kubwa nawaomba mshirikiane hata kipindi kimoja tu kwa muhula. Mwanafunzi akijua kuwa galeritus ni "mwenye kofia", hatalikariri jina hilo kama kasuku na hatalisahau.

Tatu, sisi wanafunzi tukosoane bila kuchekana. Mwenzako akisema "nyani kubwa", usimzomee. Mwambie taratibu, "Nyani mkubwa, ndugu yangu, ana uhai huyo." Tena uhai wenyewe ni wa shida siku hizi.

Ngeli si mzigo, jamani. Ni namna ambavyo lugha yetu inaonyesha nani yuko pamoja na nani. Naomba kutoa hoja.